Kipindi cha kilimo hewani: Je, nani kalipa?

Na Mwandishi Maalumu

REDIO ni bwana shamba asiyehitaji pikipiki wala posho ya safari. Inamfikia mkulima alfajiri akiwa bado jikoni, inamfuata shambani, na jioni inamkuta mwenye duka la pembejeo akiwa nyuma ya meza yake akihesabu mauzo ya siku. Kwa sababu hiyo, neno moja linalosemwa hewani kuhusu mbegu fulani, dawa fulani au soko la zao fulani lina thamani ya fedha. Na kitu chochote chenye thamani ya fedha hakikosi mnunuzi.

Makala haya yanahusu mnunuzi huyo. Yanahusu pia vyombo vya utangazaji vya umma, yaani vile vinavyoendeshwa kwa kodi au ada ya wananchi, na uhusiano wa kibiashara unaoweza kuwapo kati ya vyombo hivyo na watu, kampuni au matukio yanayopewa nafasi hewani.

Jambo la kwanza ambalo mkulima anapaswa kulielewa ni kwamba hakuna kipindi cha bure. Mtayarishaji analipwa mshahara, fundi mitambo analipwa, gari linatumia mafuta na mtambo wa kurushia matangazo unatumia umeme. Kama kituo hakikulipia gharama hizo, basi kuna mwingine aliyezilipa. Kulipa si kosa. Kosa ni kumficha msikilizaji nani kalipa. Na kosa hilo huwa kubwa zaidi kwa chombo cha umma, kwa kuwa msikilizaji alikwisha kukilipia.

Njia nne za fedha

Kwa kawaida kipindi hugharamiwa kwa moja ya njia nne. Ya kwanza ni ruzuku ya serikali au ada ya wananchi. Uingereza, kwa mfano, kaya inayotazama matangazo ya televisheni moja kwa moja hutakiwa kulipa ada ya mwaka, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50, na sehemu kubwa ya fedha hizo ndiyo inayoendesha BBC ndani ya nchi hiyo.

Ya pili ni matangazo ya biashara, ambayo kila mtu huyatambua kwa wimbo wake na sauti yake ya kushawishi. Ya tatu ni udhamini, pale tunaposikia kwamba kipindi kimeletwa kwetu kwa hisani ya kampuni fulani. Ya nne ndiyo isiyojulikana sana na wasikilizaji: kituo kinapokea kipindi kilichokwisha kutengenezwa na watu wengine, kwa bei ndogo sana au bila malipo kabisa, kisha kinakirusha kama chake.

Njia ya pili haina madhara makubwa, maana msikilizaji anajua kuwa anauziwa kitu. Akisikia tangazo la dawa ya kupe, anajua kwamba mwenye dawa ndiye anayesema. Njia ya tatu na ya nne ndizo zinazohitaji macho mawili.

Kisa cha pauni moja

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka London, na unahusu zao ambalo wakulima wa Kigoma wanalifahamu vizuri, michikichi.

BBC World News ilikuwa idhaa ya televisheni ya BBC kwa watazamaji walio nje ya Uingereza. Tofauti na BBC ya ndani, idhaa hiyo haikuendeshwa kwa ada ya wananchi. Ilitegemea matangazo ya biashara na malipo ya kampuni zinazosambaza matangazo ya televisheni. Hata hivyo, ilibeba jina la BBC, na mtazamaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kuala Lumpur aliiamini kwa sababu ya jina hilo.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 idhaa hiyo ilirusha vipindi kadhaa vilivyotengenezwa na kampuni ya London iliyoitwa FBC Media. Baadhi ya vipindi hivyo vilizungumzia Malaysia, maendeleo yake, na biashara yake ya mafuta ya mawese, ambayo wakati huo ilikuwa ikilaumiwa na watetezi wa mazingira kwa ukataji wa misitu. Baadhi ya vipindi hivyo BBC ilivipata kwa bei ya jina tu, hata pauni moja kwa kipindi.

Mwaka 2011 ilibainika hadharani kwamba kampuni hiyohiyo iliyokuwa ikitengeneza vipindi kuhusu Malaysia ilikuwa pia na mkataba wa mamilioni ya pauni na Serikali ya Malaysia, wa kuijengea nchi hiyo jina zuri. Mteja wake mmoja alikuwa anamlipa ili asifiwe, na mteja wake wa pili, BBC, alikuwa anapokea sifa hizo kwa pauni moja na kuzirusha kama habari.

Bodi ya BBC iliyosimamia maadili wakati huo, BBC Trust, ilichunguza suala hilo na Novemba 2011 ikatoa taarifa iliyoonyesha kwamba vipindi 15 vilikiuka kanuni. Vipindi 8 kati ya hivyo vilikuwa vya FBC Media kuhusu Malaysia. Februari 2012 BBC iliomba radhi hewani kwa watazamaji wake duniani kote, ikieleza kwamba haikuwa ikijua juu ya uhusiano huo wa kifedha wakati vipindi vilipotangazwa. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2011. Mwaka 2015 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, nayo ilitoa uamuzi kwamba BBC World News, pamoja na vituo vya CNN na CNBC, vilikuwa vimevunja kanuni za udhamini wa vipindi.

Kwa mtazamo wa kiuchumi, fundisho la kisa hiki liko katika ile pauni moja. Kipindi cha televisheni cha nusu saa kinachopigwa picha nje ya nchi hakiwezi kugharimu pauni moja. Mfanyabiashara yeyote wa sokoni akiletewa gunia la mchele kwa shilingi mia moja, swali lake la kwanza si namna ya kulipakua. Atauliza limetoka wapi. BBC ilikuwa na uchungu wa bajeti, ikaona unafuu, ikaacha kuuliza. Ndivyo inavyokuwa kwa kituo chochote chenye fedha kidogo na saa nyingi za kujaza.

Mwanamuziki na mtunukiwa

Visa vya namna hii havikuishia kwenye vipindi vya nje. Februari 2009 kundi la muziki la U2 lilipotoa albamu mpya, BBC ililipa nafasi kubwa katika redio na televisheni zake, ikiwa ni pamoja na onyesho lililofanyika juu ya paa la jengo lake la Broadcasting House jijini London. Kulikuwa hata na alama iliyoweka jina la kundi hilo na jina la BBC pamoja, kama vile ni kitu kimoja. Vituo vya redio vya binafsi vililalamika kupitia umoja wao, na mwaka 2010 kitengo cha malalamiko cha BBC kilikubali kwamba alama hiyo haikufaa, kwa kuwa ilionekana kama chombo cha umma kinaipigia debe bidhaa ya biashara.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, BBC Trust iliamua kwamba miongozo ya BBC ilikiukwa katika udhamini wa hafla yake ya kumtunuku mwanamichezo bora wa mwaka, hafla iliyodhaminiwa na watengenezaji wa kinywaji cha Robinsons. Fedha zilikuwa za ukumbi na maandalizi, lakini jina la kinywaji likapata nafasi mbele ya watazamaji ambao walikuwa wamelipa ada ili wasioneshwe matangazo.

Tofauti ya visa hivi na kile cha Malaysia ni kwamba hapa hakuna aliyejificha. Kila mtu aliiona U2 na kila mtu aliona jina la kinywaji. Tatizo lilikuwa kwamba mtazamaji hakuweza kupambanua: je, hawa wapo hapa kwa sababu wanastahili kuangaliwa, au kwa sababu kuna makubaliano?

Mdhamini anayejulikana

Kuna watu husema kwamba dawa ni moja tu, mdhamini atajwe, basi. Kutajwa ni hatua kubwa, lakini hakumalizi kila kitu. Mfano wa Marekani unaonyesha hivyo, nao unawahusu wafugaji wa kuku na nguruwe.

Nchini humo vituo vya umma haviruhusiwi kurusha matangazo ya biashara ya kawaida. Kampuni inaruhusiwa kuchangia gharama ya kipindi na jina lake likatajwa, lakini kituo hakiruhusiwi kutaja bei ya bidhaa wala kumhimiza mtazamaji akanunue. Katika miaka ya 1990, mmoja wa wachangiaji wakubwa wa kipindi cha habari cha kila jioni katika mtandao wa umma wa PBS alikuwa Archer Daniels Midland, kampuni kubwa ya kusindika nafaka. Jina lake lilitajwa waziwazi.

Mwaka 1996 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba ilipanga bei kwa siri pamoja na washindani wake, ikatozwa faini ya dola milioni 100. Bidhaa iliyohusika zaidi ilikuwa laisini, kirutubisho kinachochanganywa kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Maana yake ni kwamba mfugaji alikuwa akiuziwa chakula cha mifugo chenye kirutubisho kilichopandishwa bei na watu waliokaa chumbani na kukubaliana. Wakosoaji wa vyombo vya habari wakauliza kama kipindi kilichochangiwa na kampuni hiyo kiliipa habari hiyo uzito uliostahili. Swali hilo lenyewe ni hasara. Hata kama watangazaji walifanya kazi yao kwa haki, mtazamaji alikuwa na sababu ya kuwatilia shaka, na chombo cha habari kikitiliwa shaka kimepoteza mtaji wake.

Ya huku kwetu

Msomaji anaweza kuuliza: mambo ya London na Washington yanamhusu nini mkulima wa Mbozi au mfugaji wa Kibaha? Yanamhusu kwa sababu kilimo ndicho kipindi chepesi zaidi kuingizwa biashara bila kelele. Hakuna mtu anayeshtuka kusikia jina la mbegu katika kipindi cha kilimo. Kipindi cha mahindi lazima kitaje mbegu, na kipindi cha nyanya lazima kitaje dawa. Mpaka kati ya elimu na tangazo ni mwembamba kama ukingo wa jaruba la mpunga, ukikanyaga vibaya maji yanahama.

Zamani suala hili lilikuwa rahisi kidogo, kwa sababu mlipaji alikuwa mmoja na alijulikana. Radio Tanzania Dar es Salaam iliporusha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, wananchi walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza na kujadiliana, na kila mmoja alijua kwamba serikali ndiyo inayosema. Hata Uingereza ilikuwa hivyo. Mchezo wa redio wa The Archers, unaoeleza maisha ya familia ya wakulima na ulioanza kurushwa nchi nzima na BBC mwaka 1951, ulibuniwa kwa ushauri wa Wizara ya Kilimo ili wakulima wazalishe chakula zaidi baada ya vita, na wizara iliendelea kuwa na sauti katika mchezo huo hadi mwaka 1972. Serikali nayo ina ajenda zake, lakini msikilizaji aliweza kujua ajenda hiyo ni ya nani.

Leo hali imebadilika. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iruhusu vituo binafsi nchini, redio zimekuwa nyingi hadi wilayani. Shirika la umma, TBC, linapata fedha za serikali na pia linauza matangazo. Kampuni za mbegu, mbolea na viuatilifu, miradi ya wafadhili, benki na halmashauri, wote wanaweza kununua muda wa hewani. Hili limeleta faida kubwa, kwani bila fedha hizo vipindi vingi vya kilimo visingekuwapo. Shamba Shape Up, kwa mfano, kipindi cha televisheni kilichoanza Kenya mwaka 2012 na kuwafikia pia watazamaji wa Tanzania, kimekuwa kikigharamiwa na wabia mbalimbali, zikiwamo kampuni, na kimewafundisha wakulima wengi mambo ya msingi ya shamba. Kwa hiyo hoja yetu si kwamba fedha za kampuni zikataliwe. Hoja ni kwamba mkulima aambiwe, kisha apige hesabu zake.

Mkulima wa mfano

Katika vipindi vya kilimo, mtu anayepewa nafasi si mwanamuziki. Ni mkulima wa mfano. Anasimama katikati ya mahindi yaliyobeba, anaeleza alivyokuwa akipata gunia chache na sasa anavuna mara mbili. Tukio linalopewa nafasi ni siku ya mkulima shambani, au banda katika maonyesho ya Nane Nane.

Mkulima huyo kwa kawaida hasemi uongo. Mahindi yapo na yanaonekana. Lakini shamba la mfano mara nyingi hupewa mbegu bure, mbolea bure na dawa bure, na mtaalamu hulitembelea mara kwa mara kuliko shamba lingine lolote kijijini. Mavuno yake ni ya kweli. Faida yake ndiyo isiyo ya kweli kwako wewe, maana wewe utanunua kila kitu na mtaalamu hatakuja.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mkulima mwenye ekari 2 za mahindi amesikia kipindi kinachosifu mbolea ya maji ya kupulizia majani. Chupa moja ni Sh15,000 na ekari moja inahitaji chupa 3, yaani Sh45,000. Kibarua wa kupulizia ni Sh10,000 kwa ekari. Jumla kwa ekari ni Sh55,000, na kwa ekari 2 ni Sh110,000. Kama gunia la kilo 100 linauzwa shambani Sh55,000, mkulima huyu anahitaji magunia 2 ya ziada ili arudishe fedha yake tu. Hajapata faida hata senti moja, na hapo hatujahesabu kupukuchua, magunia matupu na usafiri wa hayo mavuno ya ziada. Bei ikishuka msimu wa mavuno hadi Sh40,000, atahitaji karibu magunia 3.

Swali ambalo kipindi kilipaswa kulijibu ni hili: kwenye shamba la jirani lisilopuliziwa dawa hiyo, lenye mbegu ileile na udongo uleule, tofauti ya mavuno ilikuwa gunia ngapi? Kipindi kilicholipiwa na mwenye chupa hakina haraka ya kujibu swali hilo. Kipindi cha umma hakina kisingizio cha kutolijibu.

Mwenye duka naye

Wafanyabiashara wadogo wa pembejeo wasidhani kwamba wao wako salama kwa sababu wanauza, hawanunui. Kipindi kikivuma, wateja wanamiminika wiki ya kwanza, na muuzaji wa jumla anakuja na gari akishawishi uchukue mzigo mkubwa.

Tuseme mwenye duka amechukua katoni 10 zenye chupa 12 kila moja, jumla chupa 120, kwa Sh12,000 kila chupa. Ameweka Sh1,440,000. Akiuza kwa Sh15,000, atahitaji kuuza chupa 96 ndipo arudishe mtaji. Kipindi kikikoma na wateja wakapungua akabaki ameuza chupa 80, ameingiza Sh1,200,000, na amepungukiwa Sh240,000 huku chupa 40 zikisubiri tarehe ya kuisha muda wake. Kampuni ilikwisha kuuza mzigo wake siku gari lilipoondoka dukani. Aliyebeba hatari ni mwenye duka.

Hali kama hiyo huwakumba pia wafugaji. Kenya, kati ya mwaka 2013 na 2014, ufugaji wa kwale ulivuma kila mahali, watu wakaacha kazi nyingine wakanunua ndege. Soko lilipojaa, bei ya mayai ikaporomoka na wengi wakabaki na mabanda yasiyo na mnunuzi. Katika mvumo wa aina hiyo, anayenufaika mapema ni anayeuza vifaranga na mayai ya kutotolesha. Huyo ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutaka kuhojiwa hewani, na ndiye asiyefaa kuhojiwa peke yake.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kufungua pochi kwa sababu ya kipindi, mkulima au mfanyabiashara ajiulize maswali yafuatayo.

Kwanza, nani ametajwa mwanzoni na mwishoni mwa kipindi? Maneno kama kwa hisani ya, kwa udhamini wa au kwa kushirikiana na, yana maana ya fedha au vifaa. Uyasikilize, usizime redio kabla hayajasemwa.

Pili, je, bidhaa ni moja tu? Elimu ya kweli kuhusu mbegu za mahindi itataja aina zaidi ya moja na kueleza ipi inafaa ukanda wa juu na ipi ukanda wa chini wenye mvua chache. Kipindi chenye jina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho ni tangazo refu.

Tatu, je, gharama zimetajwa? Ukisikia mavuno bila kusikia matumizi, umesikia nusu ya habari.

Nne, mkulima aliyehojiwa alinunua au alipewa? Ikiwezekana mtembelee, au umuulize jirani yake. Jirani hajalipwa na mtu.

Tano, je, kuna mtu asiyeuza chochote aliyethibitisha? Nchini Tanzania ubora wa mbegu unathibitiwa na TOSCI, mbolea ziko chini ya TFRA, na viuatilifu viko chini ya TPHPA. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ina vituo kama Uyole, Ilonga, Selian, Ukiriguru na Naliendele, na kile cha Kihinga mkoani Kigoma kwa ajili ya michikichi. Bidhaa isiyosajiliwa isikuingie shambani hata kama imesifiwa redioni kila siku. Lakini kumbuka kwamba usajili huthibitisha ubora na usalama, hauthibitishi kwamba itakulipa katika shamba lako. Jaribu kwanza kwenye robo ekari, na robo nyingine iache kama kawaida yako, kisha upime mavuno ya pande zote mbili kwa debe lilelile.

Wajibu wa chombo cha umma

Si haki kumwachia mkulima mzigo wote. Chombo kinachoendeshwa kwa kodi kina wajibu wake, na hatua zinazohitajika hazina gharama kubwa.

Hatua ya kwanza ni kutaja mlipaji waziwazi, kwa Kiswahili chepesi, mwanzoni, katikati na mwishoni. Anayefungua redio kipindi kikiwa katikati naye ana haki ya kujua. Uingereza ilipoanza kuruhusu bidhaa zilizolipiwa zionekane ndani ya vipindi vya televisheni za biashara mwaka 2011, iliweka alama ya herufi P kwenye kioo ili mtazamaji atambue, na ikaendelea kuzuia biashara hiyo katika vipindi ambavyo BBC inavitengeneza kwa fedha ya ada. Kwa redio, sentensi moja inatosha: kipindi hiki kimelipiwa na fulani, ambaye anauza bidhaa inayozungumzwa.

Hatua ya pili ni kutenganisha. Habari, bei za masoko na tahadhari za magonjwa ya mimea na mifugo zisiuzwe kwa mtu yeyote. Mkulima akisikia kwamba viwavijeshi wameingia wilayani kwake, asilazimike kujiuliza kama aliyelipia habari hiyo ni muuza dawa.

Hatua ya tatu ni kuuliza bei. Kituo kikiletewa kipindi kizuri kwa bei ya kutupa, mhariri aulize nani aliyelipa kilichobaki, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Hili ndilo swali lililokosekana London, na kukosekana kwake kukaigharimu BBC fedheha ya kuomba radhi kwa dunia nzima.

Hatua ya nne inawahusu watangazaji wenyewe. Anayealikwa na kampuni kwenye siku ya shamba, akapewa usafiri, chakula na bahasha, aseme hewani kwamba amealikwa. Kama anaona haya kusema, basi ajue kwamba bahasha ile ina tatizo.

Msikilizaji naye anaweza kuchangia. Vituo vingi siku hizi vinapokea ujumbe wa simu wakati kipindi kikiendelea. Badala ya kutuma salamu peke yake, tuma swali: mlioandaa kipindi hiki mmelipwa na nani, na mkulima mliyemhoji alinunua pembejeo zake kwa shilingi ngapi? Mtangazaji mwenye kipindi safi atajibu bila taabu. Akilikwepa, usinunue kitu wiki hiyo. Msimu haujaisha na chupa hazitakwisha dukani.